Malengo mawili, daftari moja: namna ya kupanga mwaka wako na kuufikisha Desemba

Januari ikifika, na tena Julai mwaka wa fedha unapoanza, maswali huwa yale yale. "Nianzie wapi?" "Niweke malengo mangapi?" "Kwa nini naanza kwa kasi halafu Machi sina habari tena?" Nimeyajibu sana kazini na kwenye kikundi chetu cha akiba, mmoja baada ya mwingine. Safari hii nayaandika, anayeuliza nimtumie.

Msimamo wangu nikuambie mapema, maana hatua zote zimejengwa juu yake. Malengo mengi hufa kwa sababu mwenyewe hakuyapa saa kwenye wiki wala shilingi kwenye mshahara. Moyo anao tele, ila wiki yake imejaa mambo ya watu wengine na mshahara wake umegawanywa kabla haujaingia. Ukiyapa malengo saa na shilingi, hamasa hata ikikukimbia wiki nzima kazi itaendelea, na siku ikirudi itakuta umesogea.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Chukulia wewe ni mhasibu msaidizi Mwanza, unapokea shilingi 700,000 mkononi. Kikazi unataka kufanya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ambayo huwa Mei na Novemba. Kibinafsi unataka Januari ikukute na ada ya mtoto mkononi, usikope. Kama wewe ni nesi, fundi cherehani au dereva wa bajaji, badilisha majina na namba tu. Hatua ni zile zile.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari moja. Kaunta buku ya kawaida inatosha. Daftari la ngozi lenye maneno ya dhahabu utaliogopa kulichafua.
- Kalenda ya ukutani, hata ile ya bure kutoka benki au msikitini.
- Kumbukumbu za pesa za miezi mitatu iliyopita: meseji za miamala ya simu, hati ya mshahara, daftari la mauzo kama una biashara.
- Orodha ya tarehe usizoweza kuzisogeza: mitihani, kufungua shule, kodi ya nyumba, zamu za usiku, msimu wa kulima, Ramadhani (kumbuka kila mwaka huja mapema kuliko mwaka uliopita kwa takriban siku 11).
- Saa mbili bila simu. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote vilivyotangulia.

Huhitaji semina ya hamasa ya kulipia. Huhitaji programu ya simu pia, ingawa ukiipenda sikukatazi. Na kama ni mtumishi wa umma Tanzania, utaniambia tayari unajaza malengo kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Sawa, lakini hayo ni ya mwajiri. Haya tunayoyapanga hapa hakuna atakayekuuliza habari zake, na ndiyo sababu yanahitaji mpangilio mkali zaidi.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu kwenye karatasi

Kwa dakika 20 andika kila unachokitaka, bila mpangilio na bila kujionea haya. Kiwanja, diploma, kupunguza tumbo, kumpeleka mama hospitali ya rufaa, kuacha kukopa kwenye simu, kujifunza Kiingereza, duka la vipodozi. Usihukumu chochote sasa.

Ukikwama kabla ya kufika vitu kumi, jiulize ni jambo gani mwaka jana lilikunyima usingizi. Mara nyingi lengo la kweli limejificha hapo.

Hatua ya 2: Chuja mpaka yabaki mawili

Moja la kazi, moja la binafsi. Basi.

Najua utabisha. Kila ninayemwambia hivi hubisha, halafu ananionyesha orodha ya malengo tisa ya mwaka jana ambayo hakuna hata moja lililokamilika. Yaliyobaki hayafutwi, yahamishie ukurasa wa mwisho wa daftari, uandike juu yake "Baadaye". Ukimaliza moja mwezi wa saba, utachukua jingine huko.

Katika kuchuja, kila lengo lipitishe kwenye maswali haya:

a) Liko mikononi mwangu? "Kupandishwa cheo" hakuko mikononi mwako, kuko kwa bosi na bajeti yake. "Kupata cheti kinachotakiwa kwa cheo hicho" kuko mikononi mwako. "Kuolewa mwaka huu" nako kunamhusu mtu mwingine. Geuza lengo mpaka sehemu kubwa iwe kazi yako.

b) Kama hakuna atakayejua nimefanikiwa, bado ningelitaka? Swali hili huondoa malengo ya kuazima. Wenzako wa darasa moja wamejenga, basi na wewe unaandika "kujenga", kumbe hata mji unaotaka kuishi hujauamua.

c) Nikilifanikisha hili peke yake, mwaka utakuwa umekwenda vizuri? Kama jibu ni hapana, halistahili nafasi kati ya mawili.

*Kosa la kawaida:* kuchagua malengo mawili yanayogombea saa zile zile. Kusoma usiku na kuanzisha biashara ya chipsi ya usiku havikai pamoja. Lengo moja likila zaidi muda, lingine afadhali lile zaidi pesa. Ndiyo maana kwenye mfano wetu tuna mtihani na akiba.

Hatua ya 3: Liandike kwa sentensi moja yenye kipimo na tarehe

Edwin Locke na Gary Latham, watafiti waliolichunguza suala hili kwa miongo kadhaa, walionyesha kuwa lengo mahususi na gumu humfanya mtu afanye vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Nadharia yenyewe ni hiyo tu, tuendelee.

Andiko bovu: "Nataka kujiendeleza kielimu."
Andiko zuri: "Novemba mwaka huu nitafanya masomo mawili ya NBAA, nikiwa nimemaliza mada zote 24 na kufanya mitihani minane ya miaka ya nyuma kwa kujipimia muda."

Andiko bovu: "Nianze kuweka akiba."
Andiko zuri: "Tarehe 5 Januari nitakuwa na shilingi 1,200,000 ya ada, nje ya akaunti ya mshahara."

Angalia sentensi ya mtihani haikusema "nitafaulu". Kufaulu ndiko tunakokutaka, bila shaka, lakini kazi unayoweza kuisimamia kila wiki ni mada na mitihani ya majaribio. Pima kazi hiyo.

Hatua ya 4: Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo ukweli ulipo. Chukua kalenda.

Tuseme unaanza kusoma katikati ya Juni. Mpaka mwisho wa Oktoba una wiki karibu 20. Wiki nne za mwisho ziweke kwa ajili ya mitihani ya miaka ya nyuma, usiziguse kwa kitu kingine. Zimebaki 16. Ukisoma usiku tatu kwa wiki, una vipindi 48. Mada ni 24, kwa hiyo kila mada ina vipindi viwili. Inapendeza.

Haitakuwa hivyo. Kutakuwa na msiba, umeme utakatika, mtoto ataugua, kutakuwa na kufunga hesabu za mwezi mpaka saa tatu usiku. Kwa hiyo kata robo: vipindi 48 vinakuwa 36, na mada 24 hazitoshi tena humo. Sasa, Juni, ukiwa bado na nafasi ya kuchagua, ongeza kipindi cha nne, kwa mfano Jumamosi asubuhi. Vipindi vinakuwa 64; ukikata robo unabaki na 48. Umerudi kwenye viwili kwa kila mada, na safari hii hesabu inastahimili maisha.

Fanya hivyo hivyo kwa lengo lolote. Tafuta jumla ya kazi, gawa kwa wiki zilizopo, kata robo, kisha amua: uongeze muda, upunguze kazi au usogeze tarehe. Kusogeza tarehe sasa hakuna aibu yoyote. Aibu ni kusogeza wiki ya mwisho.

Kisha weka alama kwenye kalenda ya ukutani: mada sita za kwanza ziishe lini, kumi na mbili lini. Weka pia tarehe ya mwisho ya kujisajili na kulipa. Mitihani ya bodi ina tarehe ya usajili inayotangulia mtihani wenyewe, na kila msimu kuna watu waliosoma vizuri wakaikosa.

Hatua ya 5: Ipe pesa mahali pa kulala

Kwenye mfano, kuanzia Machi mpaka Desemba kuna mishahara kumi. Shilingi 1,200,000 kugawa kwa kumi ni 120,000. Usipange hivyo. Panga kwa miezi minane, 150,000 kila mmoja, na miezi miwili iache wazi kwa sababu michango ya harusi na misiba haitakuomba ruhusa. Ukifika Desemba bila kuzitumia hizo nafasi mbili, umezidisha.

Je, 150,000 inatoka kwenye 700,000? Hapo ndipo zile meseji za miamala zinapoingia. Jumlisha miezi mitatu: ulituma kiasi gani kwa ndugu, ulitoa kiasi gani kwa wakala, makato yalikula kiasi gani, mikopo ya simu ililipwa na riba gani. Usikisie, jumlisha. Kama 150,000 haipatikani baada ya kupunguza unachoweza kupunguza, lengo lako la kwanza ni kuongeza kipato au kutafuta shule ya ada nafuu, na ni heri kulijua Machi. Kumbuka pia lengo la kazi lina gharama zake: usajili, ada ya mtihani, vitabu, nauli. Zitoe kwanza ndipo ugawe.

Kisha pesa iondoke siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya duka la Mangi na kabla ya vocha. Iende wapi? Chaguo ni nyingi na kila moja lina ukali wake:

- Kibubu cha mbao au cha bati. Kinafaa kwa wanaopata hela ndogo ndogo kila siku. Hatari yake ni wizi, moto, na mwenye nyumba kujua kilipo.
- Upatu, mchezo, chama. Nguvu yake ni macho ya wenzako. Udhaifu wake ni kuwa zamu yako inaweza kuangukia Juni wakati ada ni Januari. Omba zamu ya mwisho. Wengi watakupa kwa furaha.
- VICOBA au SACCOS. Utakopa huko pia, lakini soma katiba ya kikundi kuhusu kutoa akiba kabla ya mgawo.
- Akaunti ya muda maalumu au akiba ya kufungwa kwenye simu. Kwa Kenya, M-Shwari ina huduma ya kufunga akiba.
- Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kwa walio Tanzania. Kutoa pesa huchukua siku za kazi, na kwa lengo kama hili ucheleweshaji huo ni faida.

Kuna utafiti mmoja naupenda kwa sababu ulifanyika kwa watu wa kwetu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waligawa masanduku ya akiba yenye kufuli magharibi mwa Kenya, kwa watu waliokuwa wakiweka pesa kwa ajili ya afya. Matokeo yalichapishwa 2013. Kuwa tu na mahali salama pa kuweka pesa kulitosha kuongeza akiba kwa kiwango kikubwa. Kuifunga pesa kwa kazi moja kuliwasaidia hasa wale ambao ndugu na marafiki huwaomba mara kwa mara.

Kwa hiyo jijue. Kama huombwi sana, kibubu chenye jina la lengo kinatosha. Kama wewe ndiye benki ya ukoo, chagua mahali ambapo hata wewe hutoi kwa siku moja, ili shangazi akipiga simu useme "shangazi, sina mkononi" na uwe umesema kweli. Na tenga fungu dogo la kusaidia, tuseme 30,000 kwa mwezi. Likiisha limeisha. Kuomba si kosa lao, na kusema "mwezi ujao, nikijaliwa" si ubaya wako.

*Onyo:* usikope kwenye simu ili kutimiza fungu la mwezi. Nimeona watu wanafanya hivyo ili tu safu kwenye daftari isiwe na pengo. Unanunua akiba kwa riba.

Hatua ya 6: Andika "ikiwa… basi"

Saikolojia ina jambo moja dogo lenye faida kubwa. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwataka wanafunzi waandike ripoti fupi wakati wa Krismasi. Kati ya walioandika mapema watafanya saa ngapi na wapi, takriban saba kati ya kumi walifanya. Kati ya wasioandika, ni kama watatu kati ya kumi.

Kwa hiyo usiandike "nitasoma usiku". Andika:

- Ikiwa ni Jumatatu, Jumatano au Alhamisi na nimemaliza kula, basi nakaa meza ya jikoni saa 2:30 mpaka saa 4:00 usiku, simu iko chumba kingine.
- Ikiwa ni Jumamosi saa 1 asubuhi, basi naenda maktaba au ofisini kabla watu hawajaamka kuniita.
- Ikiwa umeme umekatika, basi nafanya maswali ya kuandika kwa taa ya sola, nayaacha ya kompyuta.
- Ikiwa mtu ananiomba pesa ya lengo, basi najibu "nitakupigia kesho" kabla ya kusema ndiyo.

Mstari wa mwisho ndio unaookoa zaidi. Wengi wetu tunatoa kwa sababu tumeulizwa ghafla.

Ramadhani ikiangukia ndani ya mpango, iandikie "ikiwa" yake: kwa wengi kusoma baada ya daku kunakwenda vizuri kuliko baada ya futari na tarawehe. Mwenye zamu za usiku apange kwa kuhesabu kutoka mwisho wa zamu, asipange kwa siku za wiki, maana zitamchanganya.

Hatua ya 7: Weka kiwango cha chini cha siku mbaya

Kila lengo liwe na kiwango ambacho hata siku ya homa nyepesi unakiweza. Kusoma: dakika 15, au swali moja. Akiba: shilingi 1,000 kwenye kibubu. Mazoezi: kutembea mpaka kituo cha daladala cha mbele badala ya kile cha karibu.

Utasikia watu wakisema mazoea hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010 na kuhusisha watu 96, ulipata wastani wa siku 66, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 18 na wengine 254. Ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 bado unajisukuma, hujakosea popote. Ukikosa Jumatano, fanya Alhamisi. Usijaribu kulipa deni la Jumatano na Alhamisi usiku mmoja. Ndivyo watu wanavyoishia kuchukia meza yenyewe.

Hatua ya 8: Mwambie mtu mmoja

Mmoja, asiyekuonea haya. Dada yako mkubwa, mfanyakazi mwenzako anayefanya mtihani huo huo, katibu wa kikundi. Mpe ruhusa ya kukuuliza kila Jumapili: "Wiki hii ulifanya vipindi vingapi?" Asiulize "unaendeleaje?", maana wote tunajibu "salama".

Usiweke kwenye status ya WhatsApp. Pongezi utakazopata siku hiyo zitakufanya ujione umeshafika, na watakaokuuliza Oktoba watakuwa wanataka habari tu.

Kama una mume au mke, huyo hahesabiki kwenye "mmoja". Yeye lazima ajue, kwa sababu saa unazochukua ni zake pia. Kaa naye kabla ya kuanza, mkubaliane nani analaza watoto siku zipi na yeye anapata nini. Lengo linalofanywa kwa mgongo wa mwenzio hulipiwa baadaye.

Hatua ya 9: Kikao cha Jumapili, dakika 20

Eliud Kipchoge, Mkenya wa kwanza na mtu wa kwanza kabisa kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili (Vienna, 12 Oktoba 2019, saa 1:59:40), kwa miaka mingi amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye madaftari. Daftari la kawaida, kalamu, kila zoezi. Akiandika yeye, na sisi tunaweza.

Jumapili jioni fungua daftari uandike:

1. Nilipanga vipindi vingapi, nilifanya vingapi? Namba, bila maelezo.
2. Kilichonizuia ni nini? Jambo moja.
3. Wiki ijayo nabadilisha nini? Jambo moja.

Kisha tazama kalenda ya wiki inayokuja, uone harusi au safari ya kikazi, uhamishe vipindi mapema. Baada ya miezi miwili soma safu ya swali la pili kuanzia juu. Utakuta adui yako ni yule yule, na kwa kawaida si yule uliyemdhania. Kwa wengi huwa ni simu baada ya chakula cha usiku.

Hapa ndipo hamasa inapotoka, kama ulikuwa unaingoja. Inatoka kwenye kuona vipindi 31 vilivyoandikwa kwa mkono wako.

Hatua ya 10: Kila miezi mitatu, amua upya

Tenga saa moja. Kila lengo lipewe moja kati ya hukumu hizi: endelea, badilisha njia, au funga. Kufunga lengo lisilo na maana tena ni kazi halali. Liandikie tarehe na sababu, lisiendelee kukunyonya kimya kimya.

Kubadilisha njia kunahitaji jicho. Kipchoge huyo huyo mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata alihamia marathoni na akashinda ya kwanza yake, Hamburg. Kukimbia hakuacha, alibadilisha umbali. Kwenye mfano wetu, kama mwisho wa Agosti umefanya mada sita tu, swali liwe: je, kuna muda mwingine wa kusoma, au somo moja lisogee Mei?

Ukikwama

*"Wiki ya tatu nimeacha kabisa."* Usianze upya Jumatatu wala mwezi ujao. Leo fanya kiwango cha chini, kisha Jumapili punguza vipindi vya wiki kwa kimoja. Ulianza na mzigo mkubwa mno.

*"Nimetumia pesa ya ada kwenye msiba."* Msiba ni msiba. Andika kiasi, tumia moja ya ile miezi miwili ya akiba, na fungu la kila mwezi libaki lile lile. Kama miezi yote miwili imeshaliwa, nenda kazungumze na shule mapema kuhusu kulipa kwa awamu. Mhasibu wa shule husikiliza zaidi Oktoba kuliko Januari.

*"Bosi amenibadilishia majukumu, muda hakuna."* Rudi Hatua ya 4 ukiwa na wiki zilizobaki. Usirudi Hatua ya 1.

*"Wenzangu wananizidi, nakata tamaa."* Ondoa sauti ya lile kundi la WhatsApp kwa miezi mitatu. Linganisha Jumapili hii na Jumapili ya Machi kwenye daftari lako.

*"Sina hamu ya kitu chochote, hata nilivyokuwa navipenda."* Kama hali hii imezidi wiki mbili na inaambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au mawazo ya kujidhuru, hilo si tatizo la malengo. Weka daftari chini, mwambie mtu wa karibu, uende kituo cha afya. Malengo yatasubiri.

*"Nilifanya yote na bado nimefeli mtihani."* Pumzika wiki moja bila kugusa kitabu. Kisha chukua karatasi mbili. Ya kwanza, andika mada zilizotoka mtihani ule na zipi ulizishindwa. Ya pili, hesabu vipindi ulivyozipa mada hizo kwenye daftari. Ukikuta vilikuwa vichache, Mei unaanzia hizo. Ukikuta vilikuwa vingi na bado zilikushinda, tatizo liko kwenye namna ya kusoma: tafuta mwalimu au kikundi cha marudio, na wiki nne za mitihani ya nyuma zifanye sita. Madirisha ya usajili wa Mei hayasubiri majonzi yaishe, kwa hiyo angalia tarehe hiyo kwanza.